Kodi ya nyumba: upandishe kidogo kila mwaka, au usubiri mpangaji ahame?

Wenye nyumba wa Tabora, kuanzia Isevya hadi Ng'ambo, hawajawahi kukubaliana kwenye hili.

Tuanze na pesa. Tuseme chumba na sebule unapokea 60,000 kwa mwezi, unataka 65,000. Nyongeza ya mwaka mzima ni 60,000. Mpangaji akikasirika akafungasha, mwezi mmoja tu wa chumba kitupu umeimeza yote, na hapo hujapaka rangi wala kubadilisha kitasa. Kusubiri kunashinda. Ila mtu akikaa miaka sita kwa bei ile ile, mwenye duka la saruji hakukusubiri.

Uhakika je? Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mpangaji wa mwezi kwa mwezi anaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Kinachomkimbiza zaidi ni ongezeko la ghafla. Dogo, lililosemwa mapema, huzoeleka. Liandike kwenye karatasi, usimtume mtoto akaseme. Na usichague Januari, mwezi wa ada.

Kuhusu matengenezo, kwa kifupi: anayelipa bei ya zamani hubadilisha koki mwenyewe kimya kimya. Mpandishie, kesho anakuonyesha bati linalovuja, na ana haki.

Kama una mpangaji mmoja, halipi kwa kusukumwa, na kodi hiyo ndiyo sukari yako, subiri. Mwenye vyumba sita vya watu wanaohamahama, na mkopo wa kulipa, apandishe kidogo kidogo.