Santuri za albamu ya kwanza: sikiliza mwisho kabla ya kulipa

Malalamiko kuhusu santuri yanafanana kama mapacha. Mnunuzi ametafuta albamu ya kwanza ya mwanamuziki anayempenda, ameipata haina mkwaruzo hata mmoja, jalada halijapasuka, lebo haijaandikwa kwa kalamu. Wimbo wa kwanza unaita vizuri. Sindano ikifika wimbo wa mwisho wa upande, sauti ya mwimbaji inachakaa, kila "s" inakuwa "shh", na matoazi yanasikika kama mtu anayekunjakunja mfuko wa nailoni. Anaisafisha mara mbili, mara tatu, hali ni ile ile. Akimwandikia muuzaji, anajibiwa kwamba santuri ilikuwa safi ilipotumwa. Na kweli ilikuwa safi, kwa macho.

Ndiyo maana hapa hatutapoteza muda kujadili albamu ipi ina nyimbo nzuri, wala rangi ya plastiki, wala uzito. Tunapanga kwa kigezo kimoja ambacho karibu kila mwongozo unakiruka: upande unamalizikaje?

Santuri ya inchi 12 huzunguka mara 33⅓ kwa dakika kutoka mwanzo hadi mwisho, ila mzingo wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Kwenye ukingo wa nje, mfereji hupita chini ya sindano kwa mwendo wa kama sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Muziki uliokuwa umetandazwa kwa raha sasa umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sauti nyembamba huumia kwanza, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi na kona zake ni kali. Sindano isiyoweza kuifuata kona huiparura. Kopi iliyopigwa kwa miaka mingi kwenye mtambo ambao mkono wake wa sindano ni mzito huharibika zaidi sehemu hiyo hiyo, na jicho halioni kitu.

Albamu za kwanza zina balaa lao la ziada. Vijana wanaoingia studio mara ya kwanza mara nyingi hufunga upande kwa wimbo wao mkubwa kuliko yote. Kwa hiyo wimbo uliokufanya utoe pesa ndio uliokaa mahali pabaya kabisa.

Kupima ni rahisi, na unaweza kupima hata kwenye picha. Karatasi ya lebo ina kipenyo cha takriban milimita 100, yaani milimita 50 kutoka katikati. Muziki huruhusiwa kusogea hadi kama milimita 60 kutoka katikati. Basi mwombe muuzaji aweke rula juu ya santuri, apige picha chini ya taa ya pembeni. Kama kati ya mwisho wa wimbo na ukingo wa karatasi pamebaki sentimita moja tu, upande huo umejazwa hadi mdomoni. Pakibaki sentimita mbili na nusu au tatu, una santuri ya kustarehe nayo. Kisha hesabu dakika. Upande wa dakika 16 hadi 20 humpa fundi wa kukata mifereji nafasi ya kutosha. Ukivuka 24, inambidi ashushe sauti, apunguze besi, au asogee karibu zaidi na lebo. Mara nyingi hufanya yote matatu.

Ukiwa dukani, usikubali kusikilizishwa wimbo wa kwanza. Omba dakika mbili za mwisho za upande A na dakika mbili za mwisho za upande B. Vumbi hutoa "tap, tap" ya hapa na pale, na hiyo hutoka kwa kuosha. Mfereji uliochakaa hukwaruza kila sauti inapopanda na hunyamaza inaposhuka. Huo hauna dawa.

Nafasi ya kwanza ni The Doors, albamu ya 1967 ya kundi lenye jina hilo, lakini si kopi yoyote: toleo la Analogue Productions la sahani mbili zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Tuseme wazi kwamba tunaipendelea kampuni hii. Wana kiwanda chao, Quality Record Pressings, huko Salina, Kansas, na wanakubali gharama ya sahani ya pili ambayo wengine wanaikwepa. Albamu hii inaonyesha kwa nini gharama hiyo ina maana. Kwenye santuri ya kawaida, upande A unamalizikia na "Light My Fire" ya dakika 7, na upande B unamalizikia na "The End" ya dakika 11 na nusu hivi. Nyimbo mbili kubwa za albamu, zote zimesukumwa kwenye lebo, na kila upande una dakika 22 hivi. Ukigawa albamu kwenye pande nne, kila upande unabeba takriban dakika 11, na mzunguko wa 45 unaongeza mwendo wa mfereji kwa asilimia 35. Kinanda cha Ray Manzarek kinabaki kinanda hadi noti ya mwisho. Utainuka kugeuza sahani mara tatu badala ya moja, inuka.

Kampuni hiyo hiyo imetoa pia Can't Buy a Thrill ya Steely Dan, albamu yao ya kwanza ya 1972, kwenye sahani mbili za mizunguko 45. Ni kazi nzuri sana. Tutarudi kwenye bei yake.

Nafasi ya pili inakwenda kwa Tracy Chapman, albamu ya 1988 yenye jina lake mwenyewe, na hapa kopi ya mtumba inatosha kabisa. Ina nyimbo 11 kwa dakika 36 tu. Upande wa kwanza unafungwa na "Baby Can I Hold You", wimbo ambao katika nchi zetu karibu kila mtu anaujua, na ungetegemea uumie. Hauumii, kwa sababu upande wote una dakika 16 na wimbo unamalizika mbali na lebo. Huo ni ufundi wa kujua kunyamaza mapema. Baada ya Tracy kupanda jukwaani Wembley tarehe 11 Juni 1988, kwenye tamasha la miaka 70 ya Nelson Mandela, albamu iliuzwa kwa mamilioni, hivyo kopi za zamani za Elektra ni nyingi Ulaya na Marekani. Ukiona namba 960 774-1 kwenye mgongo wa jalada, hiyo ni ya soko la Ulaya. Ya Marekani ni 60774-1. Zote mbili ni nzuri. Ilitolewa upya mwaka 2025, na toleo hilo ni la yule asiyetaka kabisa mtumba. Muuzaji anayekuuzia kopi ya 1988 kwa bei ya kitu adimu anakudanganya, mpite.

Ya tatu ni Illmatic ya rapa Nas, Aprili 1994. Dakika 40 kasoro kidogo, nyimbo tano kila upande, sahani moja. Pande zenyewe hazikuitwa A na B bali 40th Side North na 41st Side South, kwa mitaa ya Queensbridge, New York, alikokulia. "It Ain't Hard to Tell" ndiyo inayofunga upande wa kusini, nayo inatoka salama. Angalia tu kopi zilizopitia mikononi mwa madijei: mwanzoni mwa nyimbo utasikia mchakacho kama mafuta yanayokaanga, alama ya sahani kurudishwa nyuma na mbele chini ya sindano.

Miriam Makeba, albamu yake ya kwanza ya RCA Victor ya 1960, ingekuwa ya kwanza kama tungepanga kwa mapenzi. Ina "Mbube" na "The Click Song". Tunaiweka ya nne kwa sababu ya umri wake tu. Kopi za asili zilipigwa kwenye mitambo ya enzi hizo yenye mikono mizito, na nyingi zimekwisha mwishoni hata zikiwa zinang'aa. Namba LPM-2267 ni ya mono (sauti ya njia moja), LSP-2267 ni ya stereo (njia mbili). Ya mono ndiyo bora kuwinda, kwa kuwa ukiipiga kwenye mtambo wenye kitufe cha mono, sehemu ya makelele ya mfereji inafutika. Na kwa yule anayeinunua akitafuta "Malaika": haimo. Hiyo imo kwenye An Evening with Belafonte/Makeba ya 1965, ikiitwa "My Angel". Watu wanauziwa kopi isiyo yenyewe kwa ahadi hiyo, na inauma, kwa sababu muuzaji angesoma tu nyuma ya jalada.

Led Zeppelin ya 1969 inafuata. Upande A unafungwa na "Dazed and Confused", upande B na "How Many More Times", wimbo wa dakika 8 na nusu ambao jalada liliuandikia dakika 3 na sekunde 30 ili watangazaji wa redio wasiuogope. Toleo la 2014 lililosimamiwa na Jimmy Page, mpiga gitaa wa kundi, ni la kimya na la kuaminika. Kopi za kwanza za Uingereza zenye maandishi ya rangi ya feruzi kwenye jalada ni za wenye pesa. Hapo unanunua wino, maana wenye duka hawakubali hata kuigusisha sindano.

Sasa zile za kuepuka. Appetite for Destruction ya Guns N' Roses, 1987: dakika 53 kwenye sahani moja. Pande zake zinaitwa G na R: upande G unapita dakika 27 na wimbo wa mwisho wake ni "Paradise City". Upande R unapita 26 na unafungwa na "Rocket Queen". Hii ndiyo inayoleta malalamiko mengi kuliko zote, na kosa si la mtambo wako. Kama ni lazima uwe nayo, tafuta toleo la 2018 la sahani mbili. Enter the Wu-Tang (36 Chambers) ya kundi la Wu-Tang Clan, 1993, ina shida ile ile: karibu saa nzima imebanwa kwenye sahani moja, na unalazimika kupandisha sauti hadi makelele ya plastiki nayo yanapanda.

Kuhusu bei, lazima tuseme. Stika ya "gramu 180" imekuwa leseni ya kupandisha bei. Uzito hauongezi hata milimita moja ya mfereji. Santuri nyepesi ya 1988 yenye upande wa dakika 16 inaishinda ile nzito ya dakika 27 kila siku. Vivyo hivyo rangi: sahani nyekundu, sahani ya madoa, sahani inayong'aa gizani, kila moja ikiitwa toleo maalumu, na muziki ndani yake umekatwa kwa lakeri moja, yaani sahani mama ile ile. Can't Buy a Thrill tuliyoisifu ilitoka kwa dola 150. Tunaipenda kampuni, lakini bei hiyo inamfungia nje kijana anayependa muziki kuliko anayeuhifadhi kabatini. Ukiagiza kutoka nje, VAT ya 16% Kenya au 18% Tanzania inahesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri, siyo bei peke yake. Sahani ya bei ndogo inafika nyumbani bei yake ikiwa imezaa. Na bado muuzaji aliyepokea pesa hizo zote anaandika "VG+", alama ya santuri ya mtumba iliyo katika hali nzuri sana, baada ya kuitazama chini ya balbu, bila kuweka sindano. Mwulize swali moja: umepiga wimbo wa mwisho? Asipojibu moja kwa moja, usilipe.

Za bei rahisi hazihitaji maneno mengi. Rekodi zilizotoka kabla ya 1963 zilikwisha kutoka kwenye ulinzi wa hakimiliki ya rekodi katika Umoja wa Ulaya, hivyo yeyote anaweza kuzichapa, na wengi huchapa kutoka CD. Makeba ya bei ya kutupa huwa ni hiyo. Inapigika, basi.

Kabla ya kurudisha santuri yoyote, hakikisha kosa si lako. Weka uzito wa sindano kwa mizani ndogo, si kwa kukisia: Ortofon 2M Red inataka gramu 1.8, Audio-Technica VM95E gramu 2.0. Kisha panga katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, kwa karatasi ya vipimo. Kila mpangilio una nukta mbili ambapo sindano inalingana sawasawa na mfereji: wa Baerwald ziko milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati, wa Stevenson 60.3 na 117.4. Kama santuri zako nyingi huumwa mwishoni, tumia wa Stevenson, maana nukta yake ya ndani iko pale pale muziki unapoishia. Mitambo ya sanduku yenye katriji ya seramiki hukandamiza kwa gramu 5 hivi na haina pa kurekebisha. Usiweke kopi ya 1960 hapo hata mara moja. Ukimaliza, piga upande wa kwanza wa Tracy Chapman mpaka mwisho. "Baby Can I Hold You" ikitoka safi na ile uliyonunua ikaendelea kukwaruza, rekodi sekunde 30 kwa simu, mtumie muuzaji, na mwambie arudishe pesa pamoja na nauli ya posta. Unaporudisha, itoe sahani nje ya jalada, iweke kwenye bahasha yake ya ndani nyuma ya jalada, na ubane kwa kadibodi mbili; ikisafiri ndani ya jalada itapasua mshono wa juu, na lawama itakugeukia wewe.