Tathmini ya CRDB: Hifadhi ya Vipimo vya Miale ya Kosmiki kwa Wanaotafuta Maada ya Giza

Kwa wanafunzi wa fizikia wa hapa Uganda wanaotaka kuandika tasnifu kuhusu maada ya giza (maada isiyoonekana, inayotambulika kwa mvuto wake tu) ilhali vyuo vyao havina setilaiti wala puto la utafiti, napendekeza bila kusita CRDB, hifadhi ya vipimo vya miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zitokazo angani, inayotunzwa na maabara ya fizikia ya LPSC mjini Grenoble, Ufaransa. Haitozi ada, na majedwali yake ni mepesi hata kwa anayetegemea data ya simu.

Kilichonivutia zaidi ni sehemu ya viini vya antimata, yaani maada ambayo chembe zake zina chaji kinyume na za maada ya kawaida. Chembe za maada ya giza zikikutana na kuangamizana, huenda zikazaa antiprotoni na antineutroni ambazo, kwa nadra sana, huungana kuwa antideuteroni (antiprotoni moja na antineutroni moja) au antiheli, kiini cha antimata cha heli. Miale ya kosmiki ya kawaida nayo huzaa viini hivyo inapogonga hidrojeni iliyotapakaa baina ya nyota, lakini ili antideuteroni ipatikane, protoni inayogonga sharti iwe na nishati isiyopungua mara 17 ya nishati ya tungamo lake, na kwa hiyo kiini kinachozaliwa huondoka kwa kasi kubwa. Maada ya giza yenyewe husafiri polepole, hivyo viini vinavyotokana nayo vinaweza kuwa na mwendo wa pole. Ndiyo maana antideuteroni ya mwendo wa pole ingekuwa ushahidi mzito kuliko antiprotoni, ambazo migongano ya kawaida huzizalisha kwa wingi.

Toleo la 4.0 la mwaka 2020 liliongeza vikomo vya viini hivyo, yaani matokeo ya majaribio ambayo hayakuona kitu, na huo naona ni uamuzi wa busara kubwa. Jaribio la BESS, katika safari zake za puto kati ya 1997 na 2000, halikunasa antideuteroni hata moja. Hata hivyo, matokeo yake ya 2005 yaliweka kikomo cha antideuteroni 0.00019 kwa mita ya mraba, kwa sekunde, kwa steradiani (kipimo cha upana wa anga linalotazamwa), kwa kila GeV (kipimo cha nishati) kwa nukleoni, yaani kwa kila chembe ya kiini, na nadharia inayotabiri zaidi ya hapo katika nishati ambazo BESS ilipima haina budi kuachwa.

Hifadhi hii haifundishi. Vipimo vilichukuliwa baada ya miale kupunguzwa nguvu na upepo wa Jua (mkondo wa chembe zitokazo kwenye Jua), kwa hiyo mwanafunzi arekebishe kwanza utabiri wake kwa kutumia viwango vya athari hiyo, ambavyo CRDB yenyewe inavitoa, kisha ataje chapisho asilia lililoambatanishwa na kila jedwali.