Uzoefu wangu: kampuni ya kuondoa vitu ndani ya nyumba, Upanga

Nimelipa laki tatu na nusu ili watu waje kutoa vitu vya mjomba kwenye fleti yake Upanga, na hela hiyo siilalamikii. Kuna suala la friji lililonikera, nitalifikia. Jina la kampuni siliandiki kwa sababu hiyo hiyo ya friji. Ninachoeleza ni kazi ilivyofanyika, ili mwenye nyumba ya kuhamwa ajue cha kuuliza kabla hajatoa hela.

Mjomba amestaafu, amerudi shamba, Muheza. Fleti iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na mwenyewe ni mtu asiyetupa kitu. Mle ndani mlikuwa na televisheni mbili za chogo, kabati la mninga la kubebwa na wanaume wanne, magazeti hadi chini ya kitanda, betri za gari (gari lenyewe liliuzwa zamani), mabomba yaliyobaki alipokarabati bafu, na friji aliyonunua enzi za Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kabati la kuwekea nyaraka.

Vijana wa kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, walitaka laki moja na nusu. Nilipowauliza vitu vitakwenda wapi, mmoja akanijibu: "Dada, wewe unataka nyumba ibaki nyeupe au unataka historia?" Nilicheka, lakini nilijua vinakokwenda: vyenye bei huuzwa njiani, visivyo na bei humwagwa mtaroni au kuchomwa kwenye kiwanja cha mtu asiyekuwepo. Dalali wa vitu vya used naye alikuja, akalipenda kabati na jiko la gesi, akataja bei ya hivyo viwili tu, akaaga.

Ndipo nikaipata hii kampuni, ambayo kwenye tangazo lake imeandika kwamba inarejeleza. Neno hilo siku hizi linaandikwa na kila mtu mwenye gari, na mimi halinitishi. Dar hii kitu chenye thamani hakihitaji kampuni ili kirejelezwe. Acha bomba la chuma nje ya geti jioni, asubuhi hulikuti. Shaba ndiyo usiseme. Chuma chakavu kinaishia kwenye viwanda vya nondo, bati na alminiamu vina mafundi wake, chupa za maji zina akina mama wanaozikusanya kwa kilo. Mtu akijisifu kwangu kwamba anarejeleza chuma, hajaniambia kitu. Nilitaka kujua wanafanyaje na vitu ambavyo hakuna anayevinunua, kwa sababu hapo ndipo mtu anapotumia hela yake badala ya kuingiza.

Dada aliyekuja kukagua alipita chumba kwa chumba na daftari. Nilimuuliza kuhusu magodoro, tyubu za taa na televisheni. Hakuniletea maneno matamu. Alisema magodoro ya sponji yaliyolika yatakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi kwa sababu hana mtu wa kuyachukua, tyubu watazifungia kwenye boksi zisivunjike kwa ajili ya zebaki iliyomo, na televisheni tutazizungumza. Jibu la Pugu ndilo lililonifanya nimkubalie. Ambaye angeniahidi kwamba hakuna hata kimoja kitakachofika dampo, huyo ningemfungia mlango.

Siku ya kazi walianza kwa mjumbe, wakamweleza wanahamisha vitu vya nani na wanavipeleka wapi, ili majirani wasidhani fleti inaibiwa. Kisha hawakugusa ngazi kwanza. Walikunja zulia la sebuleni wakagawa sakafu: vya kuuza, vya kugawa, vya skrepa, vya dampo. Kila kitu kilipita pale kabla ya kushuka. Hii ni kazi ya kuchosha, na ndiyo tofauti yao na wale wa kirikuu. Vitu vikishachanganyika garini, godoro juu ya vitabu, mafuta ya taa juu ya nguo, hakuna wa kuvichambua tena. Kila kilichoguswa na taka kinakuwa taka.

Kabati walilifungua skrubu moja moja, halikuvunjwa. Mninga wa zamani una wenyewe Keko, na fundi aliyelichukua aliligonga ubavuni kwa kidole kama mtu anayechagua nazi. Vitabu vilikwenda kwa wauzaji wa vitabu vya zamani wa Posta. Magazeti yaliuzwa kwa kilo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wafanyabiashara wadogo bado wanayataka kwa kufungia bidhaa, ingawa vitumbua ndani ya wino wa habari za mwaka juzi mimi sivili. Suti za mjomba zilikwenda msikitini kwa wenye shida, na nguo zilizochakaa kabisa zilichukuliwa na gereji kwa ajili ya kufutia mikono. Muda wote huo mjomba alikuwa anapiga simu. "Mpwa wangu, ile feni ya mezani usiigawe, inahitaji kapasita tu." Feni imekwenda Muheza kwa basi.

Betri za gari niliwasifu waziwazi. Wanunuzi wa betri wapo wengi, ila wanachotaka ni madini ya risasi yaliyomo, na wengine humwaga tindikali hapo hapo chini. Hawa walizipanga wima kwenye kreti, vifuniko juu, wakazishusha ngazi zote hivyo hivyo.

Sasa friji. Kibandiko cha nyuma kilisomeka R12, yaani gesi ya kupoozea iliyomo. Hiyo ndiyo jamii ya gesi ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliwekwa ili iondolewe, kwa kuwa inakula tabaka la ozoni, na juu ya hapo inapasha dunia joto mara maelfu kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Fundi anayejua kazi huja na mashine ya kuvuta gesi na mtungi wa kuihifadhi. Nilikuwa nimemwambia yule dada, akaandika kwenye daftari. Lakini mnunuzi wa skrepa waliyemwita alifika mapema, friji ikiwa tayari iko uani, na macho yake yalikuwa kwenye kompresa tu, maana ndani yake mna shaba. Akatoa koleo akakata bomba. Ilisikika pssss, ndefu. Msimamizi alikuwa juu ghorofani. Aliposhuka alimgombeza sana, lakini gesi hairudi kwa kugombezwa. Kampuni iliomba radhi na kutaka kupunguza bei ya kubeba friji, jambo ambalo mimi naliona ni kukwepa: shida haikuwa bei, ilikuwa kumwachia mtu wa skrepa kazi ya fundi wa friji. Ukiwaita watu wa namna hii, mlete fundi wako mwenyewe siku moja kabla, friji itolewe gesi ikiwa bado jikoni.

Televisheni za chogo zilinionyesha upande mwingine wao. Kioo cha televisheni hizi kina risasi, na mtaani huvunjwa ili kutoa waya wa shaba ulio shingoni, kisha vigae hutupwa popote. Niliwaomba karatasi ya kuonyesha zimepokelewa na mtu mwenye kibali cha taka za kielektroniki cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Msimamizi alikuna kichwa akasema, "Dada, nisikudanganye, ziko stoo kwetu Tabata. Anayezipokea anataka zifike nyingi ndipo aje, na anatutoza." Nilikwenda kuziona. Zipo, zimepangwa chini ya turubai na nyingine za watu wengine, vioo vizima. Ofisi nyingi zingenipa karatasi yenye mhuri na televisheni zingekuwa korongoni. Nilichowashauri ni kuwatoza wateja ada ya televisheni waziwazi, kwa sababu stoo ikijaa kuna siku mtu atachoka.

Hesabu ilikuwa hivi. Bei ya awali laki nne. Wakaongeza elfu thelathini ya ngazi, ambayo haikutajwa siku ya ukaguzi, na hapo tulibishana kidogo. Skrepa ilipimwa mbele yangu kwa mizani ya kuning'iniza, ikakatwa kwenye bili elfu themanini. Watu wa kirikuu wangeichukua hiyo bure na ningewashukuru. Kwa hiyo tofauti halisi kati yao na hawa ni ndogo kuliko inavyoonekana mwanzoni, hasa kwa nyumba yenye chuma kingi.

Vijana walikuwa na glovu na viatu vya kufunika, hilo nililiangalia. Walifagia ngazi hadi chini na kumwaga maji, baada ya mama wa ghorofa ya kwanza kulalamikia vumbi. Walio ghorofani wakubaliane bei ya ngazi mapema, kwa maandishi, na wataje idadi ya ghorofa. Kampuni hii huhesabu ya chini pia.