Ajiuzulu mapema, au angoje wapiga kura?

Kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, kikombe cha kahawa chungu mkononi, kisa cha Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, bado chagawa watu. Juni 2023 kamati ya Bunge la Uingereza ilibaini kwamba alilipotosha Bunge kwa makusudi kuhusu sherehe za Downing Street, ofisi na makao ya waziri mkuu, wakati wa masharti ya korona.

Wengine wasema alifanya vyema kujiuzulu ubunge kabla ripoti haijatoka. "Keshaondoka, mwataka nini tena?" Kweli, ni haraka: Julai tu, jimbo lake la Uxbridge likachagua mwingine.

Mimi naona bora angebaki. Kamati ilisema angestahili kusimamishwa siku 90. Kwa sheria yao ya 2015, mbunge akisimamishwa siku 10 za vikao au zaidi, wapiga kura wa jimbo lake hupewa wiki sita za kutia sahihi ombi la kumwondoa. Waliotia sahihi wakifika asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo, kiti kinakuwa wazi. Yaani aliyedanganywa anaingia mwenyewe, anashika kalamu, anaamua. Kujiuzulu kuliwanyima watu wa Uxbridge nafasi hiyo. Wabunge waliipitisha ripoti kwa kura 354 dhidi ya 7, lakini adhabu iliyobaki ilikuwa kumnyima kitambulisho cha kuingilia Bungeni. Hiyo ni adhabu gani?

Nasi Kenya, ibara ya 104 ya Katiba ya 2010 yatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha. Nataka haki hiyo iwe rahisi kutumika Likoni, Changamwe na Mvita, mbunge akithibitika kusema uongo Bungeni.