Undertale: Gemu Ambalo Adui Anapewa Kikombe cha Maji

Mwangaluka wanzengo! Karibuni tena geto, hapa Mabatini, Mwanza, mlimani kati ya mawe. Ukisikia kelele nyuma yangu ni mbuzi wa jirani, amepanda jiwe na sasa hajui ashukie wapi. Tumemzoea.

Leo sina simu ya kuchambua wala spika. Nina laptopu yangu ileile iliyopasuka kona, na ndani yake kuna gemu linaitwa Undertale. Lilitoka mwaka 2015, kwa hiyo wale wa "kaka umechelewa" naombeni mtulie. Nimechelewa, ndiyo. Limetengenezwa na Mmarekani anaitwa Toby Fox, sehemu kubwa peke yake, muziki katunga mwenyewe, hadithi kaandika mwenyewe. Picha zake ni vidoti vidoti, ukiliona kwa mara ya kwanza utadhani limetoka kwenye simu ya tochi. Nimelimaliza juzi saa nane usiku na usingizi haukuja.

Nianzie mbali kidogo. Mimi nimesomea kibanda umiza. Cha kwetu kilikuwa cha mabati, benchi za mbao, mlangoni unatoa shilingi mia, na filamu inatafsiriwa na jamaa mwenye sauti kama kokoto zinashushwa kwenye lori. Pale kanuni ilikuwa moja: steringi hafi. Anayekufa ni adui, tena afe vizuri, apigwe taratibu, aanguke kutoka ghorofani. Akifa kwa risasi moja tu, watu walipiga miluzi na kudai hela yao. Sikumbuki hata siku moja mtu mle ndani aliuliza, hivi huyu adui ana shida gani?

Hilo swali ndilo gemu lenyewe.

Wewe ni mtoto wa binadamu. Umepanda mlima, umetumbukia shimoni, na huko chini wanaishi mazimwi waliofungiwa na binadamu baada ya vita vya zamani. Unatafuta njia ya kurudi nyumbani, na kila unayekutana naye ana sababu yake ya kukuzuia. Mkikabiliana, skrini inakuwa nyeusi, unatokea moyo mwekundu ndani ya kiboksi, huo ndio wewe, unauhamisha huku na huku kukwepa mashambulizi. Chini kuna vitufe vinne: kupigana, kutenda, vitu ulivyobeba, na huruma.

Ngoja nisogeze kamera muone. Huyu hapa ni mbwa askari, ana upanga na ngao. Nabonyeza kutenda, napewa nafasi ya kumpapasa. Nampapasa. Shingo inarefuka. Nampapasa tena, inarefuka tena. Mnaona? Shingo imetoka juu ya skrini na bado anataka. Upanga ameshausahau. Jina lake likigeuka njano nabonyeza huruma, tunaachana kwa amani. Kuna mzimu mwingine kazi yake kulia, na machozi yake ndiyo silaha inayokuumiza. Huyo unamchangamsha mpaka anageuza machozi yake kofia na kukuonyesha, amejivika kichwani. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ila msidhani huruma humu ni ya bure. Kwenye magemu tuliyozoea, ukiua unapata pointi, pointi zinakuongezea damu, yaani uhai wako, unakuwa baunsa. Hapa pia ni hivyo. Usipoua hupati pointi hata moja, na damu yako inabaki 20 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maadui wanazidi kuwa wakali, wewe uko na ishirini zako. Kwa hiyo unayemsamehe unamsamehe huku anakuchapa, halafu unaingia pambano linalofuata ukiwa mnyonge vilevile. Nimekufa mara ngapi? Tuendelee na mada. Na kule karibu na mwisho wanakufichulia zile pointi zilikuwa zinapima nini hasa. Hilo silisemi, kalione mwenyewe.

Wa kwanza kuingia mtegoni alikuwa mpwa wangu. Ana miaka kumi na moja, alikuwa likizo, nikampa aanze yeye. Mwanzoni kabisa unaokotwa na mama mmoja wa kizimwi, sura ya mbuzi, anaitwa Toriel. Anakushika mkono, anakuokea pai, anakupa chumba. Ukisema unataka kuondoka anaziba mlango, kwa sababu watoto waliotangulia walitoka hapo wakaenda kufa. Mnapambana. Dogo akajaribu kuongea naye, wapi. Akabonyeza huruma mara mbili. "Anko, haikubali hii." Akapiga. Pigo la mwisho likaingia kubwa kuliko alivyotegemea na mama akaanguka.

Dogo kimya. Akazima bila kusevu, akawasha upya. Safari hii akakomaa na huruma tu, huruma, huruma, mpaka mama akaanza kukatika maneno. Na angalieni hiki kitu, mimi mwenyewe nilikiona baadaye: damu yako ikikaribia kuisha, moto anaorusha Toriel unapita pembeni, unakukwepa wewe. Hataki kukuua. Sasa huyo ni adui wa namna gani?

Dogo akapita, furaha tele. Hatua chache mbele kuna ua linaloongea, linaitwa Flowey. Likamwambia kwamba linajua alichofanya: alimuua yule mama, akajuta, akarudi nyuma. Mpwa wangu akanigeukia taratibu. "Anko, limejuaje?" Usiku ule alikataa kulala peke yake. Dada alinipigia kunifokea, na alikuwa na haki.

Sasa tuje kwa samaki.

Anaitwa Undyne, mkuu wa askari wa mfalme. Ni mwanamke samaki, ngozi ya bluu, nywele nyekundu, jicho moja limezibwa, na muda wote anaokufukuza yuko ndani ya deraya la chuma. Anarusha mikuki. Anakuwinda gizani, kwenye majani marefu, juu ya madaraja ya mbao. Kwa huyu kuongea hakusaidii, na hata kitufe cha huruma hakimwingii. Dawa yake ni mbio. Unakimbia mpaka unaingia nchi ya joto, chini ni lava tupu, naye yuko nyuma na chuma chake chote. Anapunguza mwendo. Anayumba. Anaanguka.

Siku hiyo shangazi alikuwa geto. Shangazi yangu ana meza pale Mwaloni, Kirumba, dagaa na furu, miaka yote niliyomjua. Alikuwa amekaa kitandani anasubiri chai, hasomi Kiingereza cha gemu na wala hakimsumbui. Mimi nimefurahi, adui yuko chini, njia nyeupe, naondoka zangu.

"We! Unamwacha?"

Nikamwambia, shangazi, huyu alikuwa anataka kuniua.

"Huyo si samaki? Samaki kwenye joto hilo, na mabati mwilini, ulitegemea nini? Mpe maji."

Nikamwambia hili ni gemu, maji natoa wapi. Akanyoosha kidole pembeni ya skrini, gamba la samaki limeganda kwenye ukucha.

"Na lile dumu la nini?"

Lilikuwepo. Lile dumu la maji ya kunywa kama la maofisini, limegeuzwa juu chini, lina bomba. Nilikuwa nimelipita kama pambo. Nikarudi, nikachota kikombe, nikammwagia. Undyne akaamka. Akasimama. Akaniangalia, hakusema neno, akageuka akarudi alikotoka. Shangazi akaomba chai yake.

Hakuna mshale ulionielekeza pale. Hakuna sauti iliyoniambia "msaidie". Gemu liliweka dumu pembeni, likanyamaza, likasubiri lione mimi ni mtu wa aina gani, na ukweli ni kwamba nilikuwa mtu wa kuondoka.

Ndiyo maana nikisikia watu wanalisifu kwamba ni gemu la kuwashinda maadui kwa maneno matamu, nakubali nusu. Ndiyo, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, tumeimba hilo tangu shule. Lakini Undyne hakutolewa na maneno, maneno yalishagonga mwamba. Mtu aliona kwamba ana joto. Shangazi aliliona kwa sababu yeye hakuwa anashindana na mtu, alikuwa anaangalia samaki. Na ukilirudia gemu zima kwa jicho hilo, hata pale panapohitaji maneno, neno linalofanya kazi hutolipata kwa kubahatisha. Kuna anayetaka kusifiwa misuli, kuna anayetaka umwache tu asimame mbali. Unamsoma kwanza. Ukikosea, unachapwa.

Bibi yetu alikuwa anasimulia kisa cha Shing'weng'we, watu wa Usukumani mnakijua. Zimwi linameza watu na ng'ombe, linamaliza nchi, anabaki mama mmoja mjamzito. Anamzaa Masala Kulangwa, kijana anakua, analiua zimwi, analipasua, watu wote wanatoka wazima. Kibanda umiza kingewasha taa hapo. Bibi alikuwa anaendelea: wakati anapasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa mle tumboni. Akatoka na hasira, akataka kumroga kijana huyohuyo aliyemwokoa. Na Masala Kulangwa, aliyeua zimwi, huyu hakumgusa. Alimtafutia dawa, akamtibu sikio. Nikiwa mdogo nilikiona kile kipande kama nyongeza ya kutuchelewesha kulala. Siku hizi zimwi lenyewe nalisahau, namkumbuka yule bibi na sikio lake.

Haya, mwisho wa gemu. Nasema mambo ya mwisho sasa, asiyetaka aruke dakika mbili.

Lile ua, Flowey, zamani alikuwa Asriel, mtoto wa mfalme. Kwenye pambano la mwisho anageuka dude kubwa la kutisha, na humuui, haiwezekani. Unachofanya ni kuwakumbusha rafiki zako mmoja mmoja wao ni nani, kisha unamfikia na yeye, ndani kabisa, unamkuta ni mtoto analia. Hapa watu wengi wanatoa leso. Mimi nilipiga mwayo, nisameheni. Muziki unapanda, maneno ni mengi, kila mtu ana jambo zuri la kusema, kama hotuba za kipaimara wakati wali unapoa. Baada ya kikombe cha maji kisicho na hata sentensi moja, hii niliiona imezidi sukari.

Lakini likiisha, kabla hujatoka nje ya mlima, rudi kwa miguu mpaka mwanzo kabisa, pale ulipotumbukia. Ni mbali, wengi hawaendi. Utamkuta Asriel amesimama peke yake kwenye maua. Anakuambia hatabaki hivyo, atarudi kuwa lile ua lisilo na huruma na mtu. Anakuomba umwache, uende kwa rafiki zako. Wema wote ule na bado haukumponya. Pale ndipo niliposhindwa kulala.

Ya kiufundi, haraka haraka. Bei ni dola 9.99 kwenye Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, kwa hela yetu ni elfu ishirini na kitu, mimi nililipa kwa kadi ya mtandaoni ile unayoitengeneza kwenye simu. Halifiki hata GB 1, bando halitalia. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na feni haikupiga kelele. Lipo pia kwenye PlayStation, Switch na Xbox. La simu halipo rasmi, ukiuziwa la simu umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi mwenyewe kabla ya kununua halali, kuna fundi mmoja mjini alinichukulia elfu tano akaniwekea flashi yenye virusi, picha za harusi ya dada zikaenda. Simtaji, anajijua. Kusevu ni kwenye nyota za njano tu, kwa hiyo umeme ukikatika na betri yako ni ya kubembeleza, utarudia pambano.

Kasoro kubwa kwetu ni lugha. Ni Kiingereza au Kijapani, na gemu hili nusu yake ni kusoma. Kuna mifupa miwili, ndugu, Sans na Papyrus, majina yao yametoka kwenye aina za herufi za kompyuta, na utani wao mwingi ni kuchezea maneno ya Kiingereza. Ukitafsiri unakufa mkononi. Kwa mpwa wangu nilikuwa natafsiri kwa sauti, nabadilisha sauti kwa kila zimwi, na utani usiotafsirika nabuni wangu. Katikati ya usiku nikajikuta nimekuwa yule jamaa wa kibanda umiza, tena na kokoto zake kooni.

Jana shangazi amepiga simu. Nikajua ni habari ya mzigo wa dagaa.

"Yule samaki wako alipona?"

Alipona, shangazi. Tumekuwa marafiki. Alinikaribisha kwake, akataka kunifundisha kupika tambi, akapika kwa hasira mpaka nyumba ikashika moto.

Akanyamaza kidogo.

"Nyumba nzima?"

Nzima.

"Jumapili nakuja. Uniwashie hapohapo kwenye tambi."