Chai ya rangi bila sukari: majani marefu ya Kenya na Dian Hong

Nimezinywa kwa zamu: chai nyeusi ya Kenya ya majani marefu yenye ncha za dhahabu, na Dian Hong ya Yunnan, China. Hazijatiwa ladha yoyote. Zote mbili ni tamu zenyewe, ila ukizitokosa kwenye sufuria kama chai ya maziwa, utamu wote unapotea.

Chai nyingi inayopita kwenye mnada wa hapa Mombasa ni CTC, majani yaliyokatwa, yakachanwa na kuviringishwa kuwa punje. Punje hutoa rangi na ukali upesi, na maziwa yanataka hivyo hivyo. Majani marefu husokotwa tu, kwa hiyo ukakasi hutoka polepole. Machipukizi nayo, yaani zile ncha za dhahabu, yana theanini (kiambata cha asili cha chai) nyingi kuliko jani lililokomaa, na ndiyo inayolainisha kikombe.

Napima gramu 3 kwa mililita 150 za maji. Pima kwa mizani ndogo, si kwa kijiko: majani haya ni mepesi na yana nafasi katikati, kijiko kitakudanganya upate maji ya rangi tu. Maji yakichemka, zima, ngoja kama dakika moja, mimina, funika kwa dakika 3, kisha chuja mpaka tone la mwisho. Majani yakibaki ndani mpaka dakika 6, ulimi unakauka. Dian Hong inakubali maji ya pili, hata ya tatu, ukiongeza dakika moja kila mara. Ya Kenya, maji ya pili tayari ni mepesi.

Kinachoharibu zaidi hapa kwetu ni maji. Nilipotumia maji ya kisima, utando ulitanda juu ya kikombe na rangi ikafifia, kwa sababu madini ya kalisi yaliyo majini hushikana na chembe za chai. Majani yale yale kwa maji yaliyochujwa ya mtungi yalitoa rangi ya shaba inayong'aa. Kabla ya kuilaumu chai, badilisha maji.

Usionje ikiwa moto wa kuunguza. Ngoja ipoe kidogo, piga funda kwa kuvuta na hewa. Dian Hong inaleta kiazi kitamu cha kuchoma, kisha asali inayobaki kooni. Ya Kenya ina asali nyepesi na uchangamfu wa ganda la chungwa. Kwa asubuhi naipenda zaidi. Onja kabla ya mahamri, maana sukari ya mahamri huifanya chai ionekane chungu.

Kasoro niliyoiona ni vumbi chini ya pakiti ya Kenya. Vumbi hilo linakolea haraka na kuleta uchungu, kwa hiyo pepeta kwanza kwa chujio. Pakiti ikishafunguliwa, hamishia majani kwenye kopo la bati linalofunga vizuri, mbali na iliki na karafuu: joto na unyevu wa pwani huyachakaza, nayo majani hunyonya harufu yoyote iliyo jirani.