Wimbo mmoja wa kuusikilizisha muziki wa miaka ya sitini: upi?

Mtu akiniomba wimbo mmoja tu wa kumwonjesha sauti ya miaka ya 1960, nabaki na mbili mkononi: "Be My Baby" wa The Ronettes (1963) na "Tomorrow Never Knows" wa The Beatles (1966).

Wa kwanza unaanza na ngoma za Hal Blaine, pigo ambalo wapiga ngoma wengi wameliiga tangu hapo. Mtayarishaji Phil Spector aliurekodi kwenye studio ya Gold Star, Los Angeles, akawajaza wanamuziki chumbani: magitaa, piano zaidi ya moja, vyombo vya kutikisa, vyote vikipigwa pamoja. Sauti hiyo ikapitishwa kwenye vyumba vya mwangwi hadi usiweze kutenga chombo kimoja na kingine. Kisha Ronnie, mwimbaji mkuu wa The Ronettes, anaimba juu ya wimbi lile zima, na sauti yake haizami. Kila nikiusikia nywele zinanisimama.

Wa pili ni studio yenyewe iliyogeuka ala. Vipande vya tepu viliungwa ncha kwa ncha vikazunguka bila kukoma, na sauti ya John Lennon ikapitishwa kwenye spika ya Leslie inayozunguka. Kodi ("chord", yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) karibu ni moja mwanzo hadi mwisho. Ni wa ajabu, ila unaonyesha muziki ulikokuwa ukielekea zaidi ya ulivyosikika redioni.

Kwa hiyo mgeni nampa "Be My Baby", tena ule wa mono, yaani wenye sauti yote kwenye mkondo mmoja, si stereo. Wa Beatles namwekea jioni ya pili.